Kutoka Jina la Watu hadi Jina la Hali: Uhakiki wa Asili na Maana za Neno ‘Sclavus’ katika Lugha za Ulaya

1.0 Utangulizi

Iko sentensi moja ambayo ni kweli kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, kwa Kijerumani na kwa Kihispania, lakini ikitiwa katika Kiswahili inageuka kuwa uongo. Ni ile isemayo kwamba neno mtumwa linatokana na jina la Waslavi. Katika lugha hizo za Ulaya, neno lenye maana ya mtumwa limetokana na jina la Waslavi, au ndivyo wanavyokubali wataalamu walio wengi. Pingamizi lililopo litajadiliwa katika sehemu ya nne. Katika Kiswahili, mtumwa ni mtu anayetumwa: kiambishi ngeli m-, mzizi -tum-, na kiambishi cha kutendwa -w-. Hakuna Mslavi ndani yake. Mfasiri aliyeshughulikia maana peke yake, akasahau kwamba mwandishi wake alikuwa akizungumzia umbo, huwapa wasomaji taarifa isiyo sahihi juu ya lugha yao wenyewe.

Kosa hilo ni jepesi kusahihisha, na lisingestahili makala nzima kama lingeishia hapo. Linastahili kwa sababu limefunga ndani yake kosa kubwa zaidi, yaani dhana kwamba asili ya neno ndiyo maana yake, na kwamba anayejua neno lilikotoka amejua pia kinachosemwa nalo leo. Juu ya dhana hii zimejengwa hoja nzito kuhusu historia ya utumwa, baadhi zikielekezwa moja kwa moja kwa Waafrika. Makala hii inafuatilia safari ya neno ‘sclavus’ kutoka jina la watu hadi jina la hali, kisha inahakiki namna ushahidi wa neno hilo unavyotumiwa. Msimamo wetu ni kwamba neno hili linatueleza mengi juu ya mnunuzi na soko lake katika muda na mahali mahususi, na machache mno juu ya mtu aliyenunuliwa.

2.0 Jina kabla ya Kuwa Hali

Waslavi wa kale walijiita ‘Slověne’. Wanaisimu wengi hulihusisha jina hilo na ‘slovo’, yaani neno. Kwa maelezo hayo, Waslavi ni watu wa maneno, wanaosemezana wakaelewana. Maelezo haya hupata nguvu yakiwekwa kando ya jina walilowapa majirani zao Wajerumani, ‘Němьci’, ambalo lina uhusiano na neno la Kislavi lenye maana ya bubu. Mgawanyo huo ni ndugu wa ule wa Wayunani, waliowaita ‘barbaroi’ watu wote ambao usemi wao masikioni mwa Myunani ulikuwa bar-bar tu. Yako maelezo mengine yanayoliunganisha jina na ‘slava’, utukufu. Edward Gibbon, katika historia yake ya kuanguka kwa Roma iliyoandikwa karne ya 18, aliyategemea hayo kusikitikia jina lililoporomoka kutoka utukufu hadi utumwa. Maelezo hayo yanafaa hotuba kuliko isimu, kwa kuwa umbo la kale la jina lina irabu ‘o’ na si ‘a’.

Katika karne ya 6 jina hili liliingia katika maandishi ya wageni. Procopius aliliandika kwa Kiyunani na Jordanes kwa Kilatini, na wote wawili waliliandika likiwa na sauti ‘k’ ambayo wenye jina hawakuwa nayo: Sklabenoi, Sclaveni. Sababu yake ni ya kifonolojia tu. Lugha hizo mbili hazikuwa na desturi ya kuanzisha neno kwa ‘s’ ikifuatwa mara moja na ‘l’, hivyo ulimi ulijitafutia daraja. Mswahili hashangai, kwani naye amesema sukurubu na burashi kwa kuingiza irabu pale ambapo mgeni alirundika konsonanti. Tofauti ni kwamba daraja la Myunani lilibaki kama alama. Popote tunapoikuta ‘k’ hiyo, au ‘c’ iliyochukua nafasi yake, tunajua kwamba neno limepitia vinywa vya watu wasio Waslavi.

Kutoka ‘sclavus’ ya Kilatini yakazaliwa ‘schiavo’ ya Kiitaliano, ‘esclave’ ya Kifaransa, ‘esclavo’ ya Kihispania, ‘Sklave’ ya Kijerumani, ‘slaaf’ ya Kiholanzi na ‘slav’ ya Kiswidi. Kiingereza kilisema kwanza ‘sclave’, kisha kikaiangusha ‘c’. Kireno kilisema ‘escravo’, kwa tabia yake ya kuigeuza ‘l’ kuwa ‘r’ baada ya konsonanti ya aina hiyo. Tabia iyo hiyo ndiyo iliyoifanya ‘ecclesia’ ya Kilatini kuwa ‘igreja’, kanisa, neno ambalo Wareno walilifikisha pwani yetu na Waswahili wakalifanya gereza. Tunalitaja gereza si kwa kupamba. Kiswahili kilipokea kwa Wareno meza, leso, kasha na bendera, lakini hakikupokea ‘escravo’. Kilikuwa na neno lake.

Wapo wengine wasiolipokea, nao ndio wanaotuhusu zaidi. Mrusi husema ‘rab’, Mserbia husema ‘rob’, Mcheki ‘otrok’, Mpolandi ‘niewolnik’. Neno lililoenea takriban Ulaya nzima ya magharibi, kaskazini na kusini halikukita mizizi kwa wale ambao jina lao ndilo lililotumika kulitengeneza.

3.0 Soko Lililobadilisha Maana

Kilatini kilikuwa na neno lake la zamani la mtumwa, ‘servus’. Kwa nini halikutosha? Marc Bloch ameonyesha jinsi hali ya ‘servus’ ilivyobadilika katika karne za mwanzo za zama za kati: kutoka mtu anayemilikiwa kama mali hadi mkulima aliyefungwa katika ardhi ya bwana wake, mwenye kibanda, mke na sehemu ya mavuno. Neno lilibaki lile lile wakati mtu aliyeitwa kwalo alikuwa amegeuka mwingine. Hivyo pakawa na pengo. Mtu aliyetekwa mbali, asiye na ukoo wala kanisa katika nchi alikopelekwa, anayeweza kuuzwa leo Verdun na mwezi ujao Cordoba, hakuweza kuitwa kwa jina lile lile la mkulima wa kijijini.

Pengo hilo lilijazwa na jina la watu waliokuwa wakipita sokoni kwa wingi. Katika karne ya 10 wafalme wa Kisaksoni, Heinrich I na mwanawe Otto I, walipigana vita vingi mashariki ya mto Elbe, na mateka wa vita hivyo walikuwa Waslavi. Liutprand wa Cremona, askofu na mwanahistoria wa karne hiyo, anaandika kuhusu wafanyabiashara wa Verdun waliowahasi vijana na kuwapeleka Andalus kwa faida kubwa. Ibrahim ibn Yaqub, msafiri kutoka Andalus aliyefika nchi za Waslavi karibu na mwaka 965, anaitaja Praha kuwa mji wa soko ambako watumwa waliuzwa pamoja na bati na manyoya. Askofu Adalbert wa Praha, aliyefariki mwaka 997, alikumbukwa na waandishi wa maisha yake kwa uchungu alioupata kwa kuona Wakristo wakiuzwa. Tukio hilo limechongwa katika milango ya shaba ya kanisa kuu la Gniezno, Poland, kazi ya karne ya 12.

Ushahidi wa Praha na Gniezno unapaswa kutuzuia tusiandike habari hii kama vita vya Wajerumani dhidi ya Waslavi peke yake. Waliouza walikuwa pia watawala wa Kislavi. Neno ‘sclavus’ halilisemi hilo, wala haliwezi kulisema, kwa sababu linamtaja aliyeuzwa na kuwaficha wote waliomuuza.

Kwa nini wao? Jibu halimo katika tabia ya Waslavi bali katika ramani na katika sheria ya dini. Mkristo hakutakiwa kumfanya Mkristo mwenzake mtumwa, na Mwislamu hivyo hivyo kwa Mwislamu mwenzake. Kati ya dunia hizo mbili zilizohitaji watumwa, Waslavi walikuwa watu wengi, walio karibu, ambao bado hawakuwa wa dini yoyote kati ya hizo. Bulgaria ilibatizwa katika miaka ya 860, Poland mwaka 966, Kiev mwaka 988. Kadiri ubatizo ulivyoenea, ndivyo hifadhi hiyo ya binadamu wa kuuzwa ilivyopungua.

Kiarabu kinatupa ushahidi sambamba, nao ni wa thamani kubwa. Waarabu waliwaita Waslavi ‘saqaliba’, na katika vitabu vya jiografia neno hilo ni jina la watu wa kaskazini. Lakini katika Andalus ‘saqaliba’ ni jina la kundi la watumwa wa kasri, wengi wao mahasi, waliopanda vyeo katika jeshi na utawala wa Cordoba. Ibn Hawqal, msafiri wa karne ya 10, anatuonyesha kwamba miongoni mwao walikuwamo watu waliotekwa Ulaya ya magharibi na kusini pia, ambao hawakuwa Waslavi hata kidogo. Jina lilikwisha kuanza kuwaacha wenye jina. Ukhalifa ulipovunjika mwanzoni mwa karne ya 11, baadhi ya watu wa kundi hilo walijitwalia miji: Mujahid alitawala Denia na visiwa vilivyo mbele yake. Mtawala anayeitwa kwa jina la watumwa ni jambo linalopaswa kumsitisha yeyote anayedhani kuwa neno huleta hatima.

Msomaji wa Afrika Mashariki atatambua jirani wa saqaliba katika vitabu hivyo. Ibn Khaldun, karne ya 14, alipoigawa dunia kwa tabia ya nchi, aliwaweka saqaliba kwenye ncha ya baridi na Wazanji kwenye ncha ya joto, na akahukumu kwamba wote wawili wako mbali na uwiano ambao, kwa maoni yake, ndio unaozaa ustaarabu. Watu wa pwani yetu na watu wa misitu ya Poland walipangwa pamoja na mtu aliyesimama katikati na kuziona ncha mbili zote kuwa mahali pa kutolea watumwa.

Charles Verlinden, mwanahistoria wa Ubelgiji aliyechambua hati nyingi kuliko mwingine yeyote katika suala hili, ametofautisha vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza, karne za 10 na 11, ‘sclavus’ kwa maana ya mtumwa inaonekana katika hati za Ujerumani, kisha inafifia biashara ile ilipofifia. Katika kipindi cha pili, hasa kuanzia karne ya 13, inazuka upya Italia, safari hii ikilishwa na Balkani na Bahari Nyeusi. Wafanyabiashara wa Genoa walikuwa na kituo Caffa, na wale wa Venezia walikuwa na kituo Tana, kwenye mdomo wa mto Don. Mwaka 1363 Florence iliruhusu kwa sheria kuingizwa kwa watumwa wasio Wakristo. Mwanamke aliyeandikwa ‘sclava’ katika hati za mauzo za mji huo mara nyingi alikuwa Mtatari, na karani aliona haja ya kuongeza kabila lake, jambo ambalo lisingekuwa na maana kama ‘sclava’ bado ingesikika kuwa ni Mslavi. Hapo ndipo tunapoweza kusema kwa uhakika kwamba neno limekamilisha safari yake: linataja hali, na kabila linahitaji neno jingine.

Ilipofika mwaka 1444, Wareno waliposhusha Lagos, kusini mwa Ureno, shehena ya mateka kutoka pwani ya Afrika Magharibi, neno lilikuwa tayari kabisa kwa kazi mpya. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1685 kuhusu watumwa wa makoloni, ijulikanayo kama ‘Code Noir’, inasema ‘esclave’ na kumaanisha Mwafrika bila kulazimika kueleza.

4.0 Pingamizi la Korth

Mwaka 1970 Georg Korth alitoa maelezo tofauti. Kwake, ‘Sklave’ haikutokana na jina la Waslavi bali na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuteka nyara au kumvua silaha adui aliyeuawa. Mfanano na jina la watu ni bahati iliyowachanganya waandishi wa baadaye. Maelezo haya si ya kupuuzwa, kwani yamepewa nafasi katika toleo jipya la kamusi ya etimolojia ya Kijerumani ya Kluge. Mvuto wake ni dhahiri: yanawaondolea Waslavi fedheha, na yanalipa neno asili katika vita, mahali ambapo mateka huzaliwa.

Hata hivyo tunayaona kuwa dhaifu kwa sababu mbili. Kwanza, mnyororo wa hati unaounganisha kitenzi hicho na nomino ya Kilatini una pete zinazokosekana, ilhali mnyororo unaotoka kwenye jina la Waslavi unaonekana katika matumizi, ukipita hatua ya katikati ambapo msomaji wa hati hawezi kuamua kama anayetajwa ni Mslavi au mtumwa. Hatua hiyo ya utata ndiyo ishara ya kweli ya badiliko la maana. Pili, ipo saqaliba. Kiarabu kilipata jina hili kwa njia ya Kiyunani, lakini hakuna shaka kwamba kwa Waarabu lilikuwa jina la watu, nalo likageuka kuwa jina la watumwa katika soko lile lile na karibu karne zile zile. Atakayemfuata Korth itambidi aseme kwamba jambo hilo hilo lilitukia Andalus kwa kweli na Ulaya ya Kikristo kwa ajali ya sauti tu.

5.0 Wafranki, Wangwana na Wahadimu

Wanaojadili ‘sclavus’ mara chache humweka kando yake ndugu yake, nasi tunaona kuwa huo ni upungufu. Wafranki waliitawala Gallia baada ya Roma. Kwa maelezo yanayokubalika zaidi, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na haki kamili za kisheria katika nchi waliyoiteka, jina lao likawa sifa: ‘franc’ kwa Kifaransa, ‘franco’ kwa Kiitaliano na Kihispania, ‘frank’ kwa Kiingereza, yote kwa maana ya mtu huru, kisha mtu msema kweli asiye na cha kuogopa. Bara moja, zama zinazokaribiana, majina mawili ya watu: moja likawa uhuru, jingine likawa utumwa. Hakuna atakayedai kwamba Wafranki walizaliwa wakiwa huru kwa damu. Kwa nini basi jina la Waslavi lisomwe kana kwamba ni habari ya damu yao?

Jina hilo la uhuru linazunguka mikononi mwa Waswahili hadi leo. Sarafu iliyotolewa Ufaransa mwaka 1360, Mfalme Jean II alipokombolewa kutoka mikononi mwa Waingereza, iliitwa ‘franc’. Kutoka hapo tumepata faranga, ambayo mama muuza ndizi wa Bujumbura au Kigali anaihesabu kila siku bila kumfikiria Mfranki yeyote.

Na sisi tumefanya biashara hiyo hiyo ya majina, kwa upande wa pili. Wahadimu wa Unguja wanaitwa kwa neno ambalo katika Kiarabu asili yake ni mtumishi: hapo hali imekuwa jina la watu, kinyume cha Waslavi. Katika misafara ya karne ya 19 iliyokwenda bara hadi Kongo, wapagazi na askari wa pwani walijiita waungwana, na wengi wao walikuwa watumwa au watu waliokwisha kuachwa huru. Jina hilo la hadhi, likitamkwa wangwana, likawa jina la kundi, na Kiswahili chao huko Kongo kikaitwa Kingwana. Waliojiita waungwana walijua vizuri sana nguvu iliyomo katika kujipa jina kabla hujapewa. Waslavi walionunuliwa Praha hawakupata nafasi hiyo. Jina lao la kujivunia, la watu wa maneno, lilitafsiriwa upya na watu wasiojua neno lao hata moja.

6.0 Matumizi Mawili Mabaya ya Ushahidi

Hoja ya kwanza tunayoihakiki husema hivi: neno lenyewe la Ulaya linathibitisha kwamba watumwa wa kwanza walikuwa weupe, kwa hiyo malalamiko ya Waafrika yamezidishwa. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ina ukweli uliopotoshwa. Neno halithibitishi nani alikuwa wa kwanza. Utumwa wa Roma na Uyunani uliitangulia ‘sclavus’ kwa karne nyingi na ulikuwa na maneno yake. Linathibitisha tu kwamba mahali fulani, katika karne fulani, Waslavi waliuzwa kwa wingi kiasi cha jina lao kuwa jina la bidhaa. Sehemu ya pili haitokani na ya kwanza hata kidogo. Mateso ya Mslavi wa karne ya 10 hayapunguzi hata pingu moja katika meli ya karne ya 18. Kama kuna funzo la kihistoria, linaelekea upande mwingine: Ulaya ilikuwa na neno lililokwisha kuzoea kumgeuza binadamu wa kabila fulani kuwa aina ya mali, na neno hilo lilihamishwa kwa Mwafrika bila kuhitaji kurekebishwa.

Hoja ya pili hutoka upande ulio mpole zaidi, nayo ni kwamba neno lenye asili ya fedheha hubeba fedheha hiyo daima, hivyo lafaa kutupwa. Jibu bora kwa hoja hii limo katika salamu. Wakaaji wa Venezia waliagana kwa kusema kuwa wao ni mtumwa wa yule wanayemwaga. Kwa lahaja yao ‘schiavo’ hutamkwa ‘s-ciavo’, na kwa kutumiwa mno likafupika kuwa ‘ciao’. Wakaaji wa Vienna na Budapest wamefanya vivyo hivyo kwa neno kongwe zaidi, ‘servus’. ‘Ciao’ ilienea Italia nzima, kisha ikavuka mipaka. Leo kijana wa Praha humwaga mwenziwe kwa ‘čau’, wa Belgrade kwa ‘ćao’, na wa Sofia kwa neno lilo hilo. Lugha za Kislavi, ambazo zilikuwa na neno lake kwa mtumwa na hazikuhitaji ‘sclavus’, zimelipokea likiwa limevuliwa kila kitu isipokuwa bashasha. Praha iliyouza watu waliotajwa kwa jina hilo sasa inaagana kwalo, na hakuna anayejisikia kutukanwa.

Msomaji wa Tanzania atakuwa amekwisha kuifikiria shikamoo. Wengi huifasiri kama ufupisho wa nashika miguu yako, na wapo wanaotaka iachwe kwa kuwa ni mabaki ya utumwa. Kama ilianza kwa mtumwa au kwa mtoto mbele ya babu yake, hilo ni swali halali la historia. Lakini mtoto wa leo anaposema shikamoo, anachosema ni kwamba wewe umemzidi umri naye ameona hivyo, na anayejibu marahaba hajanunua mtu. Anayetaka kuipinga salamu hiyo aipinge kwa kazi inayoifanya sasa kati ya mkubwa na mdogo. Etimolojia haiwezi kumfanyia kazi hiyo.

Inafaa kukumbuka pia kwamba Waslavi waliipa dunia neno la pili kutoka shamba lilo hilo. ‘Robota’, kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia bwana wake, na ambayo katika dola ya Habsburg ilifutwa mwaka 1848, ndiyo mama wa ‘robot’, neno lililoanza katika tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920. Nduguye Josef, mchoraji, ndiye aliyelipendekeza. Hilo Kiswahili kimelipokea bila kusita: roboti.

7.0 Mtumwa na Mfasiri

Tukirudi kwenye Kiswahili, tofauti ya kwanza ni kwamba lugha yetu haikumtaja mtumwa kwa mahali alikotoka bali kwa kitendo anachotendewa. Pembeni yake yapo maneno yanayoonyesha njia aliyoingilia au nafasi aliyopewa: mateka aliyetekwa, mzalia aliyezaliwa nyumbani mwa bwana, mjakazi, mtwana, suria. Asili ya mahali haikuachwa kabisa, kwani mshenzi wa pwani ya karne ya 19 alikuwa kwanza mtu wa bara. Lakini mzigo huo ulibebwa na neno jingine, na mtumwa akabaki katika mzizi wa kutuma, pamoja na mtumishi, utumishi na mtume. Katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, Paulo katika aya ya kwanza ya waraka kwa Warumi anajiita mtumwa na mtume kwa pamoja. Mwitiko huo wa sauti haumo katika Kiyunani, ambamo maneno hayo mawili hayana mzizi mmoja. Ni zawadi ya Kiswahili, na ‘esclave’ au ‘slave’ visingeweza kuitoa.

Kwa hiyo kanuni ya mfasiri wa maandishi ya historia ni nyepesi. Pale mwandishi anapozungumzia watu na hali zao, mtumwa hutosha. Pale anapozungumzia umbo la neno, neno la kigeni libaki kama lilivyo, likitanguliwa na jina la lugha yake, na tafsiri ifuate.

Pagumu zaidi ni katika fasihi. Katika tamthilia za Carlo Goldoni, mwandishi wa Venezia wa karne ya 18, salamu ya ‘schiavo’ bado iko katika umbo lake refu, na husemwa na mabwana wenye mavazi ya hariri. Mfasiri afanyeje? Mimi mtumwa wako itasikika kama kejeli au kama kilio. Shikamoo italeta tofauti ya umri isiyokuwepo jukwaani. Mambo itaiondoa heshima yote. Tunapendekeza atazame mahali ambapo hatazami kwa kawaida, yaani mwisho wa barua za ofisini. Huko, juu ya sahihi, mkurugenzi humwandikia hata karani wake kwamba yeye ni wake mtiifu.